Hilma af Klint: Mbinu Nyuma ya Michoro ya Mita Tatu

Mwaka 1907, jijini Stockholm, Hilma af Klint alichora picha kumi ambazo kila moja ina kimo cha zaidi ya mita 3. Hazina mtu, nyumba wala mandhari. Ni maumbo na rangi tupu, miaka kadhaa kabla mchoraji Kandinsky hajajulikana kwa sanaa dhahania. Wanaoandika kumhusu hupenda kueleza imani yake juu ya roho zilizomwongoza. Imani hiyo ilikuwepo kweli, lakini imani pekee haijazi karatasi ya ukubwa huo. Kazi ilifanywa na mkono uliofunzwa.

Tuanze na rangi. Alitumia tempera, yaani unga wa rangi uliokorogwa na kiini cha yai. Hukauka haraka, wakati rangi ya mafuta huchukua siku nyingi. Ndiyo maana aliweza kumaliza picha zote kumi kwa takriban miezi miwili. Lakini rangi inayokauka upesi haikupi nafasi ya kuififisha polepole hadi nyingine. Yeye akaligeuza tatizo hilo kuwa mtindo: maeneo mapana ya rangi moja, kingo zikiwa wazi.

Pili, alichora kwenye karatasi, ambayo baadaye ilibandikwa kwenye kitambaa. Kwa ukubwa ule aliitandika sakafuni. Hapo rangi haichuruziki, ila mchoraji aliyeinama juu ya kazi haioni yote kwa mara moja. Lazima mpangilio uwe umeshakaa kichwani.

Itazame picha ya saba, inayohusu utu uzima. Juu ya zambarau hafifu limetanda umbo kubwa la manjano mithili ya ua, mistari ikijipinda kulizunguka bila kutetereka. Mkono huo haukutoka hewani. Alisoma Chuo cha Kifalme cha Sanaa, Stockholm, kuanzia 1882 hadi 1887, na kwa miaka mingi alichora mimea kwa uangalifu wa mtaalamu.

Alifariki mwaka 1944, akiwa ameagiza kazi hizi zisioneshwe hadi miaka 20 baadaye. Umma ulianza kuziona mwaka 1986, huko Los Angeles.

Kwa hiyo, mwalimu wa sanaa, usimruhusu mwanafunzi akimbilie udhahania kwa kukwepa kuchora. Mpe kwanza jani moja alichore hadi alijue.