Tamthilia Huonjwa kwa Sikio

Mtu akimaliza kutazama tamthilia, jirani akamuuliza ikoje, jibu la haraka huwa moja: "Ni kali." Kisha kinafuata kisa kizima, nani kamsaliti nani na nani kumbe ndiye baba wa mtoto. Muulizaji anaondoka amesimuliwa hadithi, lakini hajui kama kazi yenyewe imefanywa vizuri au imeharibiwa. Kisa peke yake hakipimi kitu. Binti aliyetoka kijijini, mama mkwe mwenye roho mbaya, tajiri mwenye siri, mapacha waliopotezana: mambo haya yamezunguka kwenye runinga zetu tangu enzi za tamthilia ya Tausi nchini Kenya na michezo ya Kaole ya ITV kule Dar es Salaam, na yataendelea kuzunguka. Kinachotenganisha kazi nzuri na mbovu ni ufundi, na ufundi wa tamthilia ya Kiswahili hufika sikioni kabla haujafika machoni.

Jaribu hivi. Tamthilia ikianza, ipe mgongo. Chambua mchele, kunja nguo, fanya lolote, lakini usigeuke kwa dakika 5. Baada ya hapo jiulize: niliweza kujua nani anazungumza bila kumwona? Nilijua nani ana fedha, nani anamwogopa nani, nani mgeni katika nyumba ile? Kama wakili, dada wa kazi na babu wa miaka 70 wote wamezungumza Kiswahili kimoja chenye mizani ileile, mwandishi aliandika kwa mdomo mmoja, na hakuna kamera itakayomwokoa.

Maria, iliyorushwa na Citizen TV kuanzia 2019 hadi 2021, ilielewa jambo hili vizuri. Maria mwenyewe, aliyechezwa na Yasmin Said, ni msichana wa mtaa wa mabanda anayeingia katika nyumba ya kitajiri ya ukoo wa Hausa, na anaingia na Sheng yake mdomoni. Kila anapofungua kinywa sebuleni, Nairobi mbili zinagongana bila mtu yeyote kutamka maneno "tajiri" na "maskini". Lugha inafanya kazi ambayo mwandishi mvivu angeiacha ifanywe na hotuba.

Lafudhi nayo ina uaminifu wake. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang wake katika Vitimbi ya KBC alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa miaka mingi, na watu wengi waliamini ndivyo alivyozaliwa. Lafudhi ile haikumtoka alipofoka wala aliponyong'onyea. Linganisha na mlinzi wa Kimasai wa kwenye michezo mingi ya Dar es Salaam, ambaye lafudhi yake ipo anapotakiwa kuchekesha na hutoweka mara tu anapopewa habari za msiba. Hapo mwigizaji amevaa lafudhi kama kofia. Ukiona hivyo, shusha alama bila huruma, maana kabila la mtu limetumiwa kama pambo na mhusika hajaumbwa.

Baada ya lafudhi, sikiliza habari zinavyopitishwa. Kuna ugonjwa ambao nimeukuta kila upande wa mpaka wa Kenya na Tanzania: wahusika kuelezana mambo wanayoyajua tayari, ili mtazamaji ayasikie. Mke anamwambia mumewe: "Mume wangu, tangu uachishwe kazi bandarini miezi 3 iliyopita, hatuna hata ada ya mtoto wetu Asha." Hakuna mke duniani anayezungumza hivyo. Mwandishi anayejua kazi yake atamfanya mke aweke kikombe cha chai mezani.

"Leo ya rangi?"

"Ya rangi."

Mume anakizungusha kikombe, hanywi. "Mwalimu kapiga simu?"

"Kapiga."

Umepata yote: maziwa hayanunuliki, ada haijalipwa, mtoto karibu atarudishwa nyumbani, na mwanamume anaona haya. Tena umeyapata mwenyewe, ndiyo maana yanauma. Ukikuta maongezi ya namna hii hata mara 2 katika sehemu moja, andika jina la mwandishi wa muswada, uanze kumfuatilia. Watazamaji wetu wanawajua waigizaji kwa sura na mavazi, lakini majina ya waandishi hupita mwishoni upesi, na mara nyingine kituo huyakata kuweka tangazo. Hiyo ni dhuluma kwa watu wanaobeba kazi yote.

Kipimo cha simu ni cha haraka na hakidanganyi. Mhusika anapopokea simu, hesabu ukimya kati ya maneno yake. "Halo. Ati nini? Hospitali gani? Nakuja sasa hivi." Kama yote hayo yametamkwa kwa pumzi moja, huko upande wa pili hakuna mtu, na mwigizaji hajajisumbua kumbuni. Mwigizaji wa kweli husikiliza. Utamwona anapokea neno, linamwingia, ndipo anajibu. Sanduku nalo ni vivyo hivyo: mke amefukuzwa, amepakia maisha yake yote, kisha analiinua sanduku kwa vidole 2 kwa sababu halina kitu ndani. Msimamizi wa vifaa angeweka matofali mawili tu, na mabega ya mwigizaji yangefanya yaliyobaki.

Sauti ya mazingira ndiyo sehemu ambayo uzalishaji wetu bado unahangaika nayo, na ndiyo inayowafanya watu waseme "za kwetu hazina ubora" bila kujua wanamaanisha nini. Sikiliza onyesho la watu wawili wanaoteta sebuleni. Mmoja akizungumza, kwa mbali kuna adhana. Kamera ikirukia kwa mwenzake, adhana imetoweka, badala yake kuna bodaboda. Ikirudi kwa yule wa kwanza, adhana imo katikati ya neno jingine. Maana yake picha zilichukuliwa kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyerekodi utulivu wa chumba kile kwa dakika moja ili mhariri autandaze chini ya maongezi. Dawa yake haina gharama kubwa, inataka nidhamu. Kampuni inayolifanya hili vizuri hufanya vizuri na mengine mengi.

Muziki nitaupitia upesi: kinanda kikianza kulia kabla mhusika hajalia, mwongozaji hana imani na mwigizaji wake.

Sultana, iliyoanza Citizen TV mwaka 2022, inafaa sana kwa zoezi la sikio. Imetengenezwa na Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ambao ni watangazaji wa habari za Kiswahili, na Kiswahili cha Pwani kimepewa nafasi yake humo. Mhusika mkuu, aliyechezwa na Mwanaasha Johari, ni msichana asiyeona. Mhusika kama huyo humdai mwongozaji mambo mengi: nyayo zisikike kabla mtu hajaonekana, mlango uwe na mlio wake, sauti ya adui itambulike hata anaponong'ona. Tazama sehemu chache kwa jicho hilo, uangalie wapi deni hilo limelipwa na wapi limesahauliwa. Utajifunza mengi kuliko kusoma maoni ya watu 100.

Kwa tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili, sikio lina kazi mara mbili. TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake mwaka 2011, ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kupendwa kule kuna sababu. Ugomvi wa mkwe na mkazamwana ni wa kwetu pia, na ukiwekewa Kiswahili cha nyumbani, Beijing inageuka jirani. Kinachoua kazi ya kutia sauti ni tafsiri ya neno kwa neno, mhusika akitoa pole kwa namna ambayo hakuna Mswahili anayetoa pole. Kosa la pili ni uzito wa sauti. Mfalme mwenye sauti ya mtangazaji wa mahafali hatishi mtu, hata midomo ikilingana na maneno barabara. Wazee wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, wanamkumbuka Lufufu, aliyezifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake: hakujali midomo hata kidogo, lakini alijua lini apaze na lini aache filamu ijisemee.

Za Kituruki zinahitaji haki ya pekee. Kule kwao sehemu moja huweza kuzidi saa 2, na zinapouzwa nje hukatwa vipande vifupi. Kwa hiyo kipande kikiishia mahali pa ajabu, katikati ya mlo, usimlaumu mwandishi. Wala usimtwike lawama kwa kila badiliko: katika Muhteşem Yüzyıl, ile ya Sultani Süleyman, Meryem Uzerli aliyemcheza Hürrem aliondoka kabla ya msimu wa mwisho, na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Hapo cha kupima ni kama mwandishi alijua kumzeesha mhusika pamoja na sura mpya.

Sehemu ya kwanza ya tamthilia yoyote haistahili kuaminiwa. Fedha zote ziliwekwa pale, muswada ule uliandikwa upya mara nyingi, na mwongozaji alikuwa na nguvu. Mimi humshauri mtu aingie katikati, achukue sehemu ambayo hakuna anayeizungumzia. Kwenye tamthilia ya kila siku, katikati ndiko wino unakokauka. Dalili zake zinajulikana: mtu anapoteza kumbukumbu, ajali ya gari inamwondoa mhusika aliyeshindikana, baba asiyejulikana anabisha hodi, na watu wanasahau waliyoapa wiki iliyopita. Uso mmoja unavutwa karibu mara 3 kwa mshituko uleule ili dakika zitimie. Tamthilia inayofika katikati na bado watu wake wana kazi wanazokwenda asubuhi, madeni yanayokumbukwa na makovu yasiyofutika, hiyo ishike.

Adui pia hupimwa katikati. Kuwa mbaya kwa wiki ya kwanza si kazi kubwa. Kubaki mwenye kueleweka baada ya miezi kunataka mwandishi na mwigizaji waliokubaliana. Sanaipei Tande, ambaye wengi tulimfahamu kwanza kama mwimbaji, alimpa Nana Tandala wa tamthilia ya Kina utulivu unaotisha kuliko makelele. Anaposhusha sauti, unajua mtu ataumia. Pengine uimbaji ndio uliomfundisha kwamba sauti ya chini husikilizwa zaidi.

Na kazi za kuelimisha? Nyingi nimeziacha njiani, kwa sababu daktari akiingia tu huanza kutoa semina. Siri ya Mtungi ya Tanzania, iliyoanza kuonyeshwa 2012, ilikuwa na jukumu la kufikisha ujumbe wa uzazi wa mpango na VVU, lakini Cheche alikuwa mpiga picha wa Bagamoyo kwanza, mume wa Cheusi mwenye tamaa na hofu zake, na ujumbe ulimkuta humo humo. Watengenezaji wa leo wangeitazama tena kabla ya kupokea fedha za mradi mwingine.

Ukishapima, ndipo unapoweza kumshauri mwenzako. Tenganisha "niliipenda" na "imetengenezwa vizuri", kwa sababu yote mawili yana haki na hayafanani. Mwambie ni ndefu kiasi gani, maana bando na usingizi ni vyake. Mwambie lugha iliyotumika, sehemu inayolegea ili asikate tamaa hapo, na kama anaweza kuitazama na wazazi au watoto wakiwa sebuleni. Taja kasoro moja unayoijua, ataiamini sifa unayoitoa. Siri ya mwisho iache. Na mpe jina moja tu. Anayepewa majina 7 hatazami hata moja.

Basi nami natoa langu moja: Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyotoka Netflix mwaka 2022. Msimu wa kwanza una sehemu 6. Akisa, aliyechezwa na Melissa Kiplagat, anarudi kijijini baada ya miaka 10 Nairobi na kukuta kampuni ya madini imeikalia ardhi ya watu wake. Kikamba, Kiswahili, Kiingereza na Sheng zinapishana kwa sababu ya mtu anayezungumza na anayeambiwa, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Kasoro yake: mambo ya ofisini Nairobi hayana uhai kama ya kijijini. Itazame katika lugha zake za asili, usibadilishe sauti kuwa Kiingereza.