Mhina si Muhina: Juu ya Tahajia na Matamshi ya Jina la Mtoto

Mtu akisimama katika soko la Korogwe au la Handeni na kuita "Mhina!", watageuka wengi. Jina hilo, pamoja na mwenzake Mhando, ni la kawaida mno miongoni mwa Wazigua, Wabondei na Wasambaa. Lakini likivuka mipaka ya Mkoa wa Tanga hugeuka kuwa geni, na kama ilivyo desturi ya mgeni, hufanyiwa marekebisho asiyoyaomba. Mwalimu husoma "Muhina". Karani huandika "Mina". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba kosa lao si dogo.

Kwanza yafaa tutazame chanzo cha kosa. Tahajia ya Kiswahili Sanifu humzoesha msomaji kukuta mh mwanzoni mwa maneno kama mhariri, mhitaji na mhunzi. Humo, m ni kiambishi cha ngeli, nayo ni silabi peke yake iliyotokana na mu. Ndiyo sababu katika wingi huondoka, tukapata wahariri na wahitaji. Msomaji hudhani kuwa Mhina ni neno la aina hiyo hiyo, akairudisha ile u anayodhani imemezwa. Lakini hakuna aliyepata kusikia "Wahina". Twasema akina Mhina. M ya jina hili haing'oki.

Haing'oki kwa sababu si kiambishi kilichobandikwa. Lugha za kundi ambalo wanaisimu huliita Seuta, yaani Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu, zina nazali zisizo ghuna. Pale ambapo Kiswahili kina p, lugha hizi mara nyingi zina h: panda ya kupanda mbegu huwa handa. Nazali ikitangulia, hutokea sauti moja ya m itolewayo kwa pumzi puani. Neno lao lenye maana ya upepo au baridi, linalolingana na pepo yetu, wengine huliandika mpeho na wengine mheho, kwa kuwa alfabeti yetu haina herufi ya sauti hiyo. Basi mh ya Mhina ni herufi mbili kwa sauti moja, na jina lina silabi mbili, Mhi-na, si tatu.

Wapo watakaosema kwamba taifa lenye lugha moja lapaswa kuyasanifisha majina pia. Hoja hii hatuikubali. Usanifishaji umewekwa kwa ajili ya maneno ya wote. Jina la mtu halina kisawe. Tuchukue mfano mwingine wa huko huko. Majina ya Wasambaa huanza kwa She-, kama Shekilango, ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulitaja kila siku kwa ajili ya barabara iitwayo hivyo. Ya Wazigua na Wabondei huanza kwa Se-. Anayeandika Se- mahali pa She- hakukosea herufi tu. Amemhamisha mtu kutoka milimani kwao na kumpa ukoo mwingine.

Hasara yake yaonekana ofisini. Mtoto aliyeandikwa Muhina katika cheti cha kuzaliwa na Mhina katika cheti cha shule ni watu wawili mbele ya sheria, na mzazi atalazimika kula kiapo na kulipa ada ili kuwaunganisha tena. Kosa la karani hulipwa na mkulima.

Hatudai kwamba kila Mtanzania aitamke nazali hiyo sawasawa na mzee wa Handeni. Asiyeiweza na aseme M-hi-na, atasamehewa, maana ulimi una mazoea yake. Lakini kalamu haina udhuru huo. Karani na amwombe mzazi alitaje jina herufi kwa herufi, aandike alichoambiwa, kisha amsomee kabla ya kugonga muhuri.

Na tukumbuke kwamba katika miaka ya 1970 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kiliongozwa na George Mhina. Ikiwa jina hilo halikuwa kikwazo kwa aliyeongoza uchunguzi wa Kiswahili, halina sababu ya kuwa kikwazo kwa mtoto anayeandikishwa leo.