Dansi ya Wawili Mbele ya Macho ya Wengi

Wako wasomaji wetu wengi wanaopenda hadithi za mapenzi ya zamani, wawe wanazisoma vitabuni au wanazitazama katika sinema na televisheni. Hatuwalaumu. Katika hadithi hizo mna nyumba kubwa, farasi, mishumaa na nguo ndefu, na karibu kila mara mna usiku mmoja wa dansi ambapo kijana na binti wanaangaliana kwa mara ya kwanza. Juu ya usiku huo twataka kusema neno, kwa maana twaona ya kuwa watengenezaji wa filimu wameuelewa nusu tu.

Fundi mkubwa wa hadithi hizi ni Jane Austen, mwanamke Mwingereza, binti wa mchungaji wa Kianglikana, aliyezaliwa mwaka 1775 na kufa mwaka 1817. Kitabu chake Pride and Prejudice kilitoka mwaka 1813, nacho kimefanywa filimu mara nyingi. Yule Bwana Darcy, tajiri wa paundi elfu kumi kwa mwaka, anaingia ukumbini, anacheza na wanawake wawili tu aliokuja nao, kisha anakataa kucheza na Elizabeth Bennet, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba uzuri wake hautoshi kumvuta. Watazamaji wa siku hizi hufikiri kosa la Darcy ni kutomwona msichana mzuri. Sivyo. Jioni ile wanaume walikuwa wachache, na mabinti walikuwa wameketi kwa kukosa wa kucheza naye. Mwanaume mwenye adabu alipaswa kusimama, apende asipende, ili mtoto wa watu asiaibike. Kosa lake ni dhidi ya jirani zake wote, ndiyo maana ukumbi mzima unamchukia kabla jioni haijaisha.

Yafaa tueleze namna dansi zile zilivyokuwa, kwani bila hiyo kitabu hakifunguki. Wanaume walisimama mstari mmoja, wanawake mstari wa pili, wakitazamana. Kila jozi ilishuka taratibu katikati ya mistari, hata ikakutana na wengine wote. Mwanaume aliomba dansi mbili zinazofuatana, na hizo ziliweza kuchukua nusu saa nzima. Zikiisha, adabu ilitaka kila mmoja aende kwa mwingine. Kurudi kwa binti yule yule mara ya pili kulitazamwa na akina mama wote. Kuzidi hapo kulikuwa karibu sawa na kutangaza posa.

Na mwanamke? Yeye hakuomba. Alingoja aombwe. Akimkataa mwanaume mmoja, ilimpasa aketi bila kucheza na mwingine yeyote. Tazama basi hali ya Elizabeth kwa Bwana Collins, mchungaji mwenye maneno mengi na miguu isiyojua muziki. Anakubali kucheza naye zile mbili za kwanza, anaona haya mbele ya watu kila anapokosea hatua. Na baadaye, alipokataa kurudia, Collins anang'ang'ania kando yake hata wengine wanashindwa kumkaribia. Kesho yake anamposa, naye akikataliwa haamini, anadhani ni madaha ya wanawake. Aliyesoma vizuri usiku wa dansi hashangai. Posa ile tumeshaiona ikichezwa kwa miguu.

Katika Northanger Abbey, kilichotoka mwishoni mwa 1817 mwandishi akiwa amekwisha kufa, kijana Henry Tilney anasema kwa mzaha kwamba dansi inafanana na ndoa: katika zote mbili mwanaume ndiye mwenye kuchagua, na mwanamke ana uwezo wa kukataa tu. Henry anacheka. Sisi hatuamini kwamba mwandishi alikuwa akicheka moyo wote. Mwezi wa Desemba 1802 Jane Austen mwenyewe aliposwa na kijana mwenye mali, akakubali jioni, na asubuhi akamwambia hapana. Hakuolewa kamwe. Kukataa kulikuwa na bei yake: nyumbani kwa akina Bennet kuna mabinti watano, na kwa kuwa hakuna mtoto wa kiume, shamba na nyumba vitamwendea Collins yule yule siku baba atakapofariki. Charlotte Lucas, rafiki ya Elizabeth, mwenye miaka 27, amepiga hesabu hizo, naye anampokea Collins. Mwandishi hamtukani, wala sisi hatumtukani.

Sasa tuje kwenye filimu. Ile ya televisheni ya mwaka 1995, yenye sehemu sita, inapendwa sana, na kwa haki, kwa kuwa inampa kila jirani nafasi yake. (Muziki mmoja wanaouchezea ulichapwa mwaka 1695, zaidi ya miaka mia kabla, ni kama vijana wacheze nyimbo za baba wa babu zao. Lakini unapendeza, na mwaka uliofuata filimu ya Emma iliuchukua tena.) Ile ya sinema ya mwaka 2005, ya Joe Wright, inatenda jambo lingine. Elizabeth na Darcy wanacheza ukumbini, na ghafula watu wote wanatoweka. Wanabaki wawili peke yao. Picha ni nzuri, hatukatai. Lakini ni picha ya kitabu kingine. Kitabuni, wakati wanacheza, Sir William Lucas anapita, anawasimamisha kuwasifu, na kwa mdomo wake mwepesi anadokeza kwamba watu wote wanangoja arusi ya Jane, dada ya Elizabeth, na Bwana Bingley. Darcy anashtuka. Kutokana na neno hilo anaanza kuwachunguza, na mwishowe anamwondoa rafiki yake Bingley, na Jane anabaki na machozi muda wa miezi mingi. Ukiufuta ukumbi, Sir William atasimama wapi?

Hapo ndipo twaona kosa. Filimu zinacheza dansi ya mistari kwa roho ya valsi. Valsi ndiyo dansi ya wawili waliokumbatiana, wasiomwona mtu mwingine. Nayo ilipoingia kwa wakubwa wa Uingereza ilileta kelele, hata gazeti la The Times liliikemea mwezi wa Julai 1816, baada ya kuchezwa katika karamu ya mtawala.

Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2020, si ya watoto, wazazi wajue hivyo, na muziki wake ni nyimbo za siku hizi zilizopigwa kwa vinanda vya nyuzi. Walakini tuseme kweli: jambo moja imelishika kuliko filimu nyingi za adabu. Daphne na Simon wanajifanya wachumba kwa sababu wanajua macho ya watu yana nguvu. Na usiku wanapoonekana peke yao bustanini, karibu damu imwagike.

Lakini dansi tunayoipenda sisi kuliko zote iko katika Emma. Bwana Elton, mchungaji aliyeoa karibuni, anakataa mbele ya watu kucheza na Harriet Smith, msichana asiyejulikana baba yake, na mkewe anafurahi kuona. Bwana Knightley, ambaye hachezi ovyo, anainuka, anamshika Harriet mkono na kumwongoza penye mstari. Hampendi kimapenzi. Anamwondolea aibu tu. Emma anaona, na tangu hapo hamtazami Knightley kama zamani. Baadaye wao wawili wanakubaliana kucheza, wakikiri kwamba si kaka na dada, na hapo sura inakwisha. Dansi yenyewe mwandishi hakuiandika hata kidogo. Filimu ya 1996 na ile ya 2020 zimeionyesha kwa kirefu, na huenda watazamaji wameikumbuka hiyo wakaisahau ya Harriet.

Kuna na yule asiyecheza. Katika Persuasion, Anne Elliot, mwenye miaka 27, anaketi penye kinanda na kuwapigia wengine muziki, usiku baada ya usiku. Miaka minane iliyopita alishawishiwa kumkataa Wentworth kwa kuwa hakuwa na mali. Sasa Wentworth amerudi, tajiri, anacheza na mabinti wa nyumba. Jioni moja Anne anasikia akimwuliza binti anayecheza naye kama Bi Elliot hachezi kamwe, na binti anajibu kwamba ameacha kabisa. Hakumwuliza mwenyewe, naye alikuwa karibu, akipiga kinanda.