Mikono ya Mpika Halua

Watu husifu halua, mpikaji wakamsahau. Mimi leo namsifu yeye, maana nimewahi kukaa kando ya karai lake tangu asubuhi mpaka moshi ukanitoa machozi.

Vitu vyenyewe si vingi: sukari, wanga, maji, samli, iliki, kungumanga, na zafarani kwa mwenye uwezo. Kazi iko kwenye mwiko. Wanga ukishaingia kwenye shira inayochemka, mkono haupumziki tena. Ukizubaa kidogo tu, chini kumeshika na karai zima linanuka moto. Mchanganyiko huanza mwepesi kama uji, kisha unazidi kuwa mzito mpaka bega linauma. Samli hutiwa kidogokidogo. Inanyweka, inatiwa nyingine. Nilimuuliza fundi atajuaje kuwa imeiva. Hakunijibu, alinyanyua mwiko, akaitazama halua inavyouachia, inang'aa, haing'ang'anii. Basi akavuta kuni nje.

Ufundi huu una undugu na Omani, ambako halua na kahawa ndiyo makaribisho ya mgeni hadi leo. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, njia ya Maskati na pwani yetu ilikuwa ya zamani tayari. Ila msinibishie: halua ya Pemba, ikiliwa ingali vuguvugu na kahawa chungu, haina mpinzani.

Na harusini, khutba ikishasomwa, macho yote huwa kwenye sinia la halua.