Ujumi wa Ukuta Usio na Chokaa: Uhakiki wa Maboma ya Mawe ya Thimlich Ohinga

1.0 Utangulizi

Methali ya Waswahili isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" inaakisi ujenzi wa aina moja mahususi. Katika miji ya mwambao kama vile Lamu na Kilwa, kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kisha zikapigwa lipu. Katika ukuta wa namna hiyo, ufa ni dalili ya maradhi. Upande wa bara, hata hivyo, ipo jadi nyingine ya uashi ambamo nafasi baina ya mawe ni sehemu ya ubunifu wenyewe. Hii ni jadi ya kuta za mawe matupu, yaani kuta zinazosimama pasipo chokaa, saruji wala udongo wa kushikizia. Mfano wake mkubwa zaidi na uliohifadhika vizuri zaidi katika ukanda wa Ziwa Viktoria ni Thimlich Ohinga, iliyopo kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori nchini Kenya.

Maboma haya yamejadiliwa zaidi kama ushahidi wa kihistoria: nani aliyajenga, lini, na kwa kumhofia adui gani. Uhakiki huu unayatazama kama kazi ya sanaa. Hoja yake ni kwamba uzuri wa ukuta huu unatokana na maamuzi ya fundi ambayo yamebaki wazi machoni pa mtazamaji. Kwa sababu hiyo, kuyalinda mawe bila kuyalinda maarifa ya kuyapanga ni kuhifadhi nusu tu ya kazi hiyo.

2.0 Ufundi wa Ukuta

Katika lugha ya Kiluo, ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta, na wingi wake ni ohingni. Jina Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha. Eneo hili lina maboma manne makuu, ambayo ni Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Inakadiriwa kwamba ujenzi wake ulianza katika karne ya 16, na jamii mbalimbali zilipokezana kuyakalia na kuyakarabati hadi karne ya 20. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa wastani wa mita moja.

Ukuta una sehemu tatu. Upande wa nje na upande wa ndani hujengwa kila mmoja peke yake, kisha nafasi ya katikati hujazwa mawe madogo yanayozifunga pande hizo mbili pamoja. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yalitumika kama yalivyookotwa. Kinachoyashikilia ni uzito wake na namna yalivyoumana, kila jiwe likiegemea majirani zake na kuegemewa nao. Juu ya milango kumelazwa mawe marefu yanayobeba uzito wa ukuta, na milango hiyo ni mifupi kiasi cha kumlazimu anayeingia kuinama. Kimo hicho cha mlango kilikuwa na kazi ya ulinzi, kwa kuwa mtu aliyeinama hawezi kushambulia kwa urahisi. Papo hapo humfanya anayeingia aupishe ukuta uso wake kwa karibu kabla ya kuuona uwanja wa ndani.

3.0 Suala la Kipimo cha Uzuri

Wahakiki wa usanifu wa Kiafrika huvutwa kuilinganisha Thimlich Ohinga na Great Zimbabwe, ambako ukuta wa nje wa boma kuu unafikia kimo cha takribani mita 11. Kwa mlinganisho huo, Thimlich Ohinga huonekana kuwa kazi changa: mistari yake haikunyooka, na mawe yake hayalingani. Kipimo hiki kina kasoro ya msingi. Itale ya Zimbabwe hubambuka kiasili kwa matabaka, na mafundi wa huko waliweza kupata vipande vya kimo kinachokaribiana na kuvipanga kwa safu. Mawe ya Thimlich Ohinga hayakutoa fursa hiyo. Huko Zimbabwe fundi alilifuatisha jiwe na safu. Hapa safu haikuwapo, na kila jiwe lililowekwa lilizua swali jipya kwa jiwe lililofuata.

Kwa hiyo, ujuzi unaopaswa kupimwa hapa ni ujuzi wa kuchagua. Fundi alipaswa kuitambua nafasi iliyo mbele yake, kulitafuta jiwe linaloikidhi, na kuligeuza mpaka litulie. Kosa lake halikuweza kufichwa kwa lipu. Mtazamaji anayeusogelea ukuta leo anaweza kuyafuatilia maamuzi hayo moja baada ya jingine: jiwe pana lililofunika kiungo cha mawili yaliyo chini yake, au dogo lililochomekwa kulituliza kubwa. Uwazi huu ndio msingi wa ujumi wake. Umbo na uimara wake havitenganishiki, kwani kinacholipendeza jicho ndicho kinachousimamisha ukuta.

4.0 Uhifadhi na Swali la Maarifa

Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiingiza Thimlich Ohinga katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo, sanaa ya kujenga kuta za mawe matupu iliingizwa katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika, kwa maombi ya nchi nane za Ulaya zikiwemo Kroasia, Ugiriki, Italia na Uswisi. Mgawanyo huu unastahili kuhojiwa. Kwa upande wa Ulaya, kilichotambuliwa ni maarifa ya mikono iliyo hai. Kwa upande wa Migori, kilichotambuliwa ni mahali. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na taratibu za orodha zenyewe, lakini athari yake kifikra ni kubwa: jengo la Kiafrika hubaki kuwa gofu la kutazamwa, na ufundi wake huonekana kama jambo lililokwisha.

Hili si suala la heshima tu. Ukuta wa mawe matupu hudhoofishwa na mizizi ya miti, na vilevile na mifugo na watu wanaoukwea. Sehemu inapoporomoka, anahitajika mtu anayejua kuipanga upya. Asipopatikana, kishawishi cha kutumia saruji huwa kikubwa. Saruji huziba njia za maji ya mvua na kuunyima ukuta uwezo wa kujisogeza kidogo ardhi inapotulia. Isitoshe, huyafuta maamuzi ya fundi na kuweka gundi mahali palipokuwa na fikra.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba Thimlich Ohinga inastahili kusomwa kwa kipimo kinachotokana na malighafi na mbinu zake yenyewe. Kwa kipimo hicho, kutolingana kwa mawe kunathibitisha umahiri wa waliojenga. Uhifadhi unaostahiki kazi hii ni ule unaomfunza kijana wa Migori kuchagua jiwe na kulilaza, sambamba na kulizungushia eneo uzio. Katika ukuta wa namna hii, maana ya methali hupinduka: anayeziba ufa kwa saruji ndiye atakayelazimika kujenga ukuta.