Da Nang: Kamera Ilipaswa Kushushwa

Kaka anamaliza kuomba, Heidi Bub anaangua kilio, na kamera inaendelea kumkodolea. Hapo ndipo filamu ya hali halisi Daughter from Danang ilipokosea. Nimeirudia sehemu hiyo mara kadhaa nikitafuta namna ya kuitetea. Sikuipata.

Mnaikumbuka. Ndugu wamekaa, mama yupo, na wanasema sasa ni zamu ya dada kumtunza mama: amchukue Marekani, na ikishindikana, atume pesa kila mwezi. Aliyelelewa huku kwetu hashtuki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na anayepewa jembe si mgeni tena, ni mtoto wa nyumba. Lakini Heidi alitolewa Vietnam mwaka 1975 akiwa na miaka 7, akakulia Pulaski, Tennessee, na lugha ya mama yake ikamtoka kabisa. Wao walikuwa wanamrudisha nyumbani. Yeye alisikia anadaiwa.

Sasa tazameni uhariri. Sisi tunasoma tafsiri katika maandishi ya chini, kwa hiyo ombi linatufikia kaka akiwa bado anaongea. Heidi anamngoja mkalimani. Katika pengo hilo tunamchungulia mtu ambaye hajajua anachoambiwa, ilhali sisi tumeshajua. Maandishi yangeondolewa kwa sekunde hizo tu, tungengoja pamoja naye, na pigo lingetupata sote kwa wakati mmoja. Nimelipigia kelele jambo hili katika safu hii kwa miaka na sitaacha: maandishi yasimtangulie mkalimani pale ambapo mhusika mwenyewe anamtegemea mkalimani.

Halafu kamera. Vicente Franco, aliyeongoza pamoja na Gail Dolgin, ndiye pia mpigapicha. Mwongozaji mwenye kamera mkononi hahitaji idhini ya mtu kuishusha. Angeweza kurudi hatua tatu, fremu ipanuke, tumwone Heidi kati ya ndugu zake. Angeweza kuizima na kumwachia mkalimani nafasi ya kueleza desturi. Aliamua kungoja machozi, kana kwamba machozi ni ushahidi. Ugonjwa huohuo umeharibu vipindi vingi vya televisheni zetu, ambako mjane haachwi mpaka alie.

Picha za zamani za Operation Babylift, mpango wa Marekani uliomtoa Heidi Vietnam, hasa ile ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii akiwabembeleza akina mama watoe watoto, zimepangwa kwa ustadi. Tuzo kuu ya filamu za hali halisi ya tamasha la Sundance mwaka 2002 haikutoka hewani. Lakini haifuti kosa lile.

Miaka miwili kabla, Deann Borshay Liem alikuwa ameshaonyesha njia. Katika filamu yake First Person Plural, yeye aliyepelekwa Marekani kutoka Korea mwaka 1966 kwa karatasi za mtoto mwingine anarudi pamoja na wazazi wake wa Kimarekani, na familia mbili zinakaa chumba kimoja. Anayelia ndiye mwenye filamu. Kipi kibaki na kipi kikatwe, aliamua yeye. Kwangu, hakuna aliyeifikia tangu hapo.

Heidi alikutana na mama yake baada ya miaka 22. Filamu inamwacha kwake Marekani, miaka miwili baada ya safari ile: barua za Da Nang zinamfikia, naye hazijibu.