Kwa Nini FBI Waliirudia Bastola ya Milimita 9

Risasi iliyowasumbua FBI kwa karibu miaka thelathini haikukosa shabaha. Tarehe 11 Aprili 1986, kusini mwa Miami, makachero wanane wa shirika hilo walipambana na majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Kachero Jerry Dove alimpata Platt kwa risasi ya milimita 9. Ilipita kwenye mkono wa kulia, ikaingia kifuani, ikatoboa pafu, ikaishia kama sentimita 2.5 kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lilikuwa la kufisha, ila si la kufisha papo hapo. Platt, aliyeshika bunduki aina ya Ruger Mini-14, aliendelea kufyatua akawaua Dove na mwenzake Benjamin Grogan. Makachero wengine watano walijeruhiwa.

Lawama zikaiangukia kaliba, yaani kipenyo cha risasi. Mimi naona zilikosea mlango, angalau kwa nusu. Risasi ya Dove, Silvertip yenye uzito wa greni 115, ilifanya ilichoundwa kufanya. Kichwa chake kina tundu ambalo likipenya nyama hulazimika kuchanua. Inayochanua upesi hupunguza mwendo upesi. Isitoshe, bastola zilikuwa zinashindana na bunduki ya mtutu mrefu, na pengo hilo halizibwi na kaliba yoyote ya bastola.

Faida kubwa iliyotokana na Miami, kwa maoni yangu, ni kipimo. Mwaka 1987 FBI waliwakusanya wataalamu wa majeraha ya risasi kwenye chuo chao cha mafunzo kule Quantico, akiwemo Martin Fackler, daktari mpasuaji wa jeshi. Fackler alishikilia kwamba kwa kasi ya bastola, nyama nyingi za mwili hutanuka risasi inapopita kisha hurudi mahali pake. Kinachobaki ni njia iliyosagwa na risasi yenyewe. Basi swali la kwanza likawa: njia hiyo inafika wapi?

Jibu likatafutwa kwenye jeli. Unga wa jelatini huchanganywa na maji kwa asilimia 10, tofali lake hupozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, kisha hupigwa kwanza kwa kigololi cha chuma cha bunduki ya upepo. Kikizama karibu sentimita 8.5, jeli iko sawa. Vinginevyo tofali halifai. Hapo ndipo risasi inapojaribiwa, jeli ikiwa wazi, kisha ikiwa nyuma ya nguo nzito, bati, mbao au kioo cha gari. Inatakiwa kuzama kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Kifua cha mtu hakina kina hicho, msomaji atasema. Kweli, lakini mtu anayekulenga amenyoosha mikono, na pengine amekupa ubavu. Kwa Platt pia, risasi ilipita kwanza kwenye mkono.

Kaliba yenyewe ilizunguka. FBI walichukua milimita 10, wakaona teke lake, yaani msukumo wa kurudi nyuma, ni kali, wakaipunguza baruti hadi risasi ya greni 180 ikawa inaenda futi 950 hivi kwa sekunde. Smith & Wesson na Winchester wakatambua kwamba nguvu hiyo inaenea kwenye ganda fupi zaidi, na mwaka 1990 ikazaliwa kaliba ya .40, ambayo FBI waliikubali baadaye.

Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikapendekeza kurudi milimita 9. Risasi mpya za kaliba hiyo zilikuwa zinafaulu mtihani ule ule wa jeli. Kisha kulikuwa na wafyatuaji wenyewe: katika mapambano halisi, askari hukosa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazopiga. Teke la milimita 9 ni dogo, kwa hiyo wengi wao hupiga haraka zaidi na kwa usahihi zaidi, na magazini yake hubeba risasi nyingi zaidi. Hoja hii inamhusu hata zaidi raia mwenye kibali anayefanya mazoezi mara chache kwa mwaka.

Raia huyo, hata hivyo, mara nyingi hununua bastola ndogo, na mtutu mfupi hupunguza kasi. Risasi inayochanua vizuri ikitoka kwenye mtutu wa inchi 4.5 inaweza kugoma kuchanua ikitoka kwenye wa inchi 3, hasa tundu lake likizibwa na nyuzi za nguo. Kabla ya kununua boksi, atafute majibu ya jeli ya risasi hiyo hiyo kwa mtutu wenye urefu kama wa bastola yake.